Nani Alipie Kisima Kisichotoa Mvuke?

Kisima cha jotoardhi katika Bonde la Ufa hushuka kilomita mbili hadi tatu chini ya ardhi. Gharama yake ni dola milioni kadhaa, na siku uchorongaji unapoanza hakuna mtaalamu awezaye kuapa kwamba mvuke utapatikana. Wanajiolojia husoma miamba, hupima joto la chemchemi na gesi zinazovuja kwenye nyufa, hupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, kisha hutoa makadirio. Baada ya hapo hubaki jambo moja tu, kutoboa na kuona. Kikitoa mvuke, kisima kitazungusha mitambo kwa miaka mingi bila kuhitaji lita ya dizeli. Kisipotoa, fedha zimezama.

Nani azitoe fedha hizo? Kwetu swali hili hujadiliwa kana kwamba ni la itikadi. Wapo wanaosema serikali haijui biashara, kwamba ikishika mradi utachelewa, utapanda gharama na kuishia kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu. Wapo wanaokumbuka IPTL na Richmond nchini Tanzania, mikataba ya umeme wa mafuta na gesi iliyoliumiza taifa kiasi cha kumng'oa Waziri Mkuu mwaka 2008, na kwa sababu hiyo wakisikia neno mwekezaji hushika mfuko. Kila upande una ushahidi wake. Lakini katika nishati jadidifu tunayo historia moja ndefu, iliyotokea hapa hapa Afrika Mashariki, inayoweza kutupa jibu bora kuliko ubishi wa kambi hizo mbili. Ni historia ya jotoardhi nchini Kenya, chanzo ambacho leo hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini humo.

Historia hiyo inaonyesha kwamba fedha za umma na fedha za binafsi hazifanyi kazi moja. Fedha za umma zina uwezo wa kushindwa, kusubiri na kurudi tena. Fedha za binafsi zina kasi, na zina ustadi wa kupunguza gharama pale ambapo kinachotafutwa kimeshajulikana kuwa kipo. Zote mbili tunazihitaji. Kosa letu kubwa limekuwa katika mikataba: mara nyingi tumeuachia umma hatari ya hasara, kisha tukasahau kuudai umma sehemu yake ya faida.

Visima viwili, mara mbili

Katikati ya miaka ya 1950, kampuni ya umeme ya enzi ya ukoloni, East African Power and Lighting, ilishirikiana na kampuni za Uingereza kutafuta mvuke Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Visima viwili vilichorongwa. Joto lilikuwepo, lakini mvuke wa kuendesha mitambo haukupatikana. Kampuni zile zikafunga vifaa vyao na kuondoka.

Kwa hesabu ya biashara, uamuzi wao ulikuwa na mantiki. Mafuta yalikuwa bei rahisi. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954, na baadaye likaiuzia Kenya umeme. Mwenye hisa aliyekuwa London hakuwa na sababu ya kuzamisha fedha zaidi kwenye shimo la Naivasha. Hata pale barani Afrika ambapo jotoardhi lilikuwa limeshatoa umeme, lilibaki kuwa mali ya shughuli iliyolihitaji. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga, kulijengwa mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi uliotumia maji ya moto ya chemchemi kuhudumia mgodi. Ulikuwa wa kwanza barani Afrika, lakini haukukua kuwa umeme wa wananchi wa Kongo.

Olkaria ilikaa kimya zaidi ya miaka kumi. Waliorudi hawakuwa wafanyabiashara. Kuanzia mwaka 1970, Serikali ya Kenya kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ilifanya upya uchunguzi wa kisayansi, na bei ya mafuta iliporuka mwaka 1973 kazi ile ikapata uzito wa haraka. Visima vipya vikachorongwa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi mwaka 1981, wa pili mwaka 1982, na wa tatu mwaka 1985. Jumla megawati 45.

Kutoka visima vile viwili vya kwanza hadi umeme wa kwanza ilipita takribani miaka 25. Hakuna mkurugenzi wa kampuni anayeweza kusimama mbele ya wanahisa na kuwaomba wasubiri robo karne. Serikali inaweza, kwa sababu wananchi wake hawauzi uraia wao kila robo mwaka. Watakuwepo, na watahitaji umeme.

Karibu miaka 60 baada ya visima vile, jambo linalofanana lilitokea jirani na hapo. Eneo la Akiira lilikuwa mikononi mwa wawekezaji binafsi, Centum Investment ya Nairobi ikiwa miongoni mwao. Visima viwili vya kwanza vilichorongwa, na mvuke uliotarajiwa haukupatikana. Centum ikalazimika kufuta thamani ya uwekezaji huo katika vitabu vyake. Simlaumu mtu. Walithubutu pale ambapo wengi hawathubutu, na walifanya hivyo katika zama za teknolojia bora kuliko ile ya 1956. Lakini matokeo yalikuwa yale yale: visima viwili vikishindwa, mtaji binafsi husimama. Visima viwili vikishindwa kwenye mradi wa umma, kinachopatikana ni taarifa ya mahali pa kutoboa kisima cha tatu.

Elimu iliyolipiwa na umma

Mvuke si kitu pekee kilichotoka kwenye fedha za umma. Kilitoka pia kizazi cha wataalamu. Mwaka 1979 Iceland, nchi ndogo inayoishi kwa jotoardhi, ilianzisha programu ya mafunzo chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kwa gharama ya serikali yake. Kenya imepeleka huko wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Waliporudi, walifanya kazi katika shirika la umma, na wakafundisha wengine. Leo KenGen, kampuni ya uzalishaji umeme ambayo serikali inamiliki asilimia 70 ya hisa zake, imeshauza huduma ya kuchoronga visima nje ya nchi, ikiwemo Ethiopia na Djibouti. Nchi iliyokuwa inaazima wataalamu sasa inawakodisha.

Faida ya namna hii haionekani kwenye hesabu ya mradi mmoja. Kampuni binafsi inayomfundisha mhandisi huogopa kwamba kesho ataajiriwa na mshindani wake, kwa hiyo hufundisha kwa kiasi cha mahitaji yake. Taifa halina hofu hiyo, maana mhandisi akihama kampuni bado maarifa yake yanabaki nchini.

Hata hivyo, tusiwapambe watumishi wa umma kwa sifa zisizo zao. Kutoka mwaka 1985 hadi mwaka 2000, kwa miaka 15, Olkaria ilibaki na megawati zile zile 45. Mvuke ulikuwepo, wataalamu walikuwepo, lakini serikali haikuwa na fedha zake za kuendelea, na wafadhili walisimamisha mikopo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa, Wakenya waliishi kwa mgawo wa umeme, na nchi ikakodi jenereta za dizeli huku joto la bure likiwa limelala chini ya Naivasha. Serikali inayotegemea mkopo wa nje kwa kila kisima huenda kwa mwendo wa mkopeshaji.

Walicholeta wafanyabiashara

Katika pengo hilo ndipo mtaji binafsi ulipoingia, na ulileta kitu cha maana. Mwaka 1998 kampuni ya Ormat ilishinda zabuni ya kuendeleza sehemu ya Olkaria ambako tayari visima vya utafiti vilikuwa vimechorongwa kwa fedha za umma. Mwaka 2000 ilianza kuzalisha umeme, ikachoronga visima vyake zaidi, ikapanua mitambo hatua kwa hatua hadi kufikia megawati 150 mwaka 2018.

Teknolojia yake haikuwa ile ya KenGen. Katika mitambo ya kawaida, mvuke kutoka ardhini huzungusha mashine moja kwa moja. Katika mitambo ya Ormat, majimaji ya moto kutoka kisimani hupasha kimiminika kingine kinachochemka kwenye joto la chini zaidi, na mvuke wa kimiminika hicho ndio unaozungusha mashine. Kimiminika hupozwa kwa hewa, si kwa maji, na majimaji ya kisimani hurudishwa chini ya ardhi. Kwa nchi yenye ukame, mtambo usiohitaji maji ya kupozea ni faida kubwa. Kwa mwamba wenye joto, kurudishiwa majimaji yake ni njia ya kulinda uhai wa kisima.

Ukifuatilia asili ya teknolojia hiyo unakutana tena na fedha za umma. Msingi wake uliwekwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Israel, na Harry Tabor pamoja na Lucien Bronicki, ambao mwaka 1961 walionyesha mashine yao ndogo kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Roma. Bronicki na mkewe Yehudit wakaanzisha Ormat mwaka 1965. Maabara ya serikali ilizaa wazo, familia ya wajasiriamali ikaligeuza kuwa bidhaa, na bidhaa hiyo ikapata soko pale ambapo serikali nyingine ilikuwa imeshatoboa ardhi. Mnyororo huo haukatiki kwa urahisi kuwa upande wa umma na upande wa binafsi.

Mifano mingine ya ubunifu wa kibiashara ipo hapo hapo Naivasha. Shamba la maua la Oserian lilikodi kisima kutoka KenGen, na tangu mwaka 2003 likatumia joto lake kupasha nyumba za waridi. Joto la usiku hupunguza unyevu, unyevu ukipungua ukungu unaoharibu maua hupungua, na hewa ya kaboni itokayo kisimani hulishwa mimea. Hapa Naivasha, ni mkulima wa biashara aliyeona matumizi haya. KenGen yenyewe, kwa mitambo ya kampuni binafsi, ilianza kufunga mitambo midogo juu ya kisima kimoja kimoja, ikianzia Eburru mwaka 2012. Zamani visima vilifungwa vikasubiri miaka mpaka kituo kikubwa kijengwe. Sasa kisima kinaweza kuanza kuuza umeme mapema na kusaidia kulipia ujenzi unaofuata.

Mtaji binafsi hung'aa zaidi pale ambapo kosa moja halimfilisi mtu. Umeme wa jua wa majumbani ni ushahidi. M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo ya jua Kenya mwaka 2012, ubunifu wake haukuwa paneli, kwa sababu paneli zilikuwepo. Ulikuwa njia ya kulipa: amana ndogo, kisha malipo ya kila siku kwa simu, na mtambo unaojizima malipo yakikosekana. Kampuni iliweza kujaribu bei hii leo na bei ile kesho, ikapoteza mteja mmoja au mia, ikajifunza. Wizara haiwezi kufanya kazi hiyo vizuri. Lakini hata njia hiyo ya malipo ilisimama juu ya M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007 baada ya majaribio yaliyochangiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza. Na serikali ya Kenya ilipoondoa msamaha wa kodi kwa vifaa vya jua mwaka 2020, kisha kuurudisha mwaka uliofuata, kampuni zote zilitikisika. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia kodi. Kinachomshinda ni kutojua kodi ya mwakani itakuwaje.

Turkana: hatari ilikaa kwa nani

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, ndio unaotajwa zaidi kama ushindi wa sekta binafsi. Mitambo 365, megawati 310, zaidi ya euro milioni 600, katika eneo ambalo hata barabara ilibidi ijengwe upya. Mitambo yote ilikuwa imesimikwa ifikapo mwaka 2017. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima.

Lakini tazama fedha zilitoka wapi. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliongoza mkopo, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikakopesha. Miongoni mwa wenye hisa walikuwemo mifuko ya maendeleo ya Norway, Finland na Denmark, yaani fedha za walipakodi wa nchi hizo. Mradi tunaouita wa binafsi uliwezekana kwa sababu serikali za mbali zilikubali kuubeba. Kwetu neno binafsi mara nyingi humaanisha umma wa nchi nyingine.

Tazama pia hatari ilivyogawanywa. Njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali ya Kenya. Mkandarasi, kampuni ya Isolux Corsán ya Uhispania, alifilisika kazi haijakamilika. Mitambo ikasimama kwenye upepo mkali bila waya wa kupeleka umeme mpaka Septemba 2018. Mkataba ulisema kwamba umeme ambao ungezalishwa utalipwa hata kama haukuchukuliwa, na Kenya ikajikuta inadaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna taa hata moja uliyoiwasha. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa kwenye dhamana ya mradi huo mwaka 2012, ikihofia kwamba nchi itabanwa kulipia umeme isioweza kuutumia. Mwaka 2021 serikali ya Kenya iliunda kikosi kazi cha kupitia mikataba yote ya kuuziana umeme, kwa sababu wananchi walikuwa wameshachoka na ankara zao.

Hapa makosa ni mawili, na ni muhimu kuyatenganisha. Kuchelewa kwa waya lilikuwa kosa la upande wa serikali. Kukubali masharti yaliyomfanya mlipa ankara awe mdhamini wa mwisho wa kila kuchelewa lilikuwa kosa kubwa zaidi, na lilifanyika mezani, kabla ya mtambo wa kwanza kusimikwa. Mwekezaji hudai malipo makubwa kwa hoja kwamba anabeba hatari. Kama mkataba umeiondoa hatari hiyo mabegani mwake na kuihamishia kwa mwenye mita ya tokeni kule Kariobangi au Kisumu, basi faida nayo inapaswa kushuka. Hiyo ni hesabu ya kawaida, na wanaojadili kwa niaba yetu wana wajibu wa kuijua.

Menengai na gharama ya kusubiri

Kenya ilijaribu kujifunza. Mwaka 2008 iliunda kampuni ya umma, Geothermal Development Company, kwa kazi moja iliyo wazi: serikali ibebe hatari ya kutafuta mvuke, kisha iuuze mvuke huo kwa kampuni binafsi zitakazojenga mitambo na kuuza umeme. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio bora zaidi uliowahi kubuniwa katika ukanda huu. Kila upande unafanya kile unachokiweza, na umma unapata mapato kutoka kisima chake.

Uchorongaji katika volkano ya Menengai, karibu na Nakuru, ulianza mwaka 2011. Kazi haikuwa nyepesi. Katika baadhi ya visima, kwenye kina cha kilomita mbili hivi, chombo cha kuchoronga kilikutana na mwamba ulioyeyuka. Ni ugunduzi mkubwa wa kisayansi, na wakati huo huo ni aina ya tukio ambalo lingefunga ofisi ya kampuni changa. Kampuni ya umma iliendelea, na mvuke ukapatikana.

Mwaka 2013 kampuni tatu zilichaguliwa kujenga mitambo ya megawati 35 kila moja. Mtambo wa kwanza kuanza kazi, wa Sosian Energy, ulianza mwaka 2023. Miaka kumi. Mvuke uliolipiwa na mlipakodi ulikaa ukingoja mazungumzo kuhusu barua za serikali, dhamana na masharti ya wakopeshaji. Wakopeshaji walitaka uhakika kwamba mnunuzi wa umeme atalipa, serikali ilisita kuongeza madeni yanayoweza kuiangukia, na katikati yao visima vilibaki bila kazi. Kwa hiyo mpangilio mzuri hautoshi. Usipokuwa na tarehe za mwisho na adhabu kwa anayechelewesha, uthubutu wa umma chini ya ardhi unapotezwa na uzembe juu yake.

Ardhi ina wenyewe

Kuna upande wa tatu usiokaa kwenye meza ya mazungumzo. Ili kujenga kituo cha Olkaria IV, kilichofunguliwa mwaka 2014, jamii za Wamaasai zilihamishwa kutoka vijiji vyao. Mradi ulikuwa wa umma, na wakopeshaji walikuwa taasisi za umma za kimataifa. Hata hivyo wananchi walilalamikia ardhi waliyopewa, barabara na hati, mpaka malalamiko yao yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukahitajika. Kule Turkana, mradi wa binafsi, mahakama ya Kenya iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya ekari 150,000 hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Aina ya fedha haikumlinda mfugaji katika kesi yoyote kati ya hizo mbili. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka kwamba mrabaha wa jotoardhi ugawanywe: asilimia 75 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Ni hatua, ingawa asilimia 5 ni kidogo kwa mtu aliyehama ili wengine wapate mwanga. La muhimu ni kwamba haki yake sasa imeandikwa, na inaweza kudaiwa.

Tunachopaswa kudai

Kenya sio pekee yenye joto chini ya miguu. Tanzania iliunda kampuni yake ya umma ya jotoardhi, TGDC, mwaka 2013, na maeneo kama Ngozi mkoani Mbeya yako mbele ya uamuzi ule ule uliowakabili Wakenya miaka ya 1970. Uganda ina Kibiro na Katwe. Kongo ya mashariki ina volkano hai. Wawekezaji watakuja, na ni vizuri waje. Tunapaswa kuwapokea tukiwa na msimamo unaotokana na yale tuliyokwisha kuyaona.

Kwanza, visima vya mwanzo vichorongwe kwa fedha za umma, na taarifa zake ziwe mali ya umma. Umoja wa Afrika, kwa msaada wa Ujerumani na Umoja wa Ulaya, una mfuko maalumu tangu mwaka 2012 unaochangia gharama za uchunguzi na uchorongaji Afrika Mashariki. Mifuko ya namna hii itumike kwanza kwa kampuni za taifa, zinazoweza kurudi baada ya kushindwa. Mwekezaji binafsi anayetaka kuthubutu mwenyewe asizuiwe, ila leseni yake iwe na tarehe ya mwisho. Akishindwa, eneo lirudi pamoja na kila kipimo alichochukua.

Pili, bei ya mvuke ihesabu visima vyote, pamoja na vile vilivyoshindwa. Kumuuzia mwekezaji mvuke kwa gharama ya kisima kilichofanikiwa peke yake ni kumpa zawadi ya visima vingine vyote. Mapato hayo yaende kwenye mfuko wa kuchoronga visima vipya, ili nchi isisubiri tena miaka 15 kwa kukosa mkopeshaji.

Tatu, kila hatari itajwe kwenye mkataba pamoja na jina la anayeibeba, na malipo yafuate hatari hiyo. Anayedhaminiwa kila kitu apate faida ya mtu aliyedhaminiwa. Mikataba iwekwe hadharani kabla ya kusainiwa, maana anayelipa ni mwenye mita, naye ana haki ya kujua kinachokubaliwa kwa jina lake.

Nne, serikali iuze sehemu ya hisa kwa wananchi pale mradi unapokomaa. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2006, KenGen ilipoingia Soko la Hisa la Nairobi na wananchi wakajitokeza kwa wingi kuliko hisa zilizokuwepo. Fedha zile zilikuwa za binafsi, lakini zilikuwa za walimu, wauguzi na wenye maduka wa nchi hiyo. Mtaji binafsi usiwe daima jina la mtu kutoka mbali.

Wapo watakaosema kwamba serikali zetu hazina uadilifu wa kusimamia haya yote, na kwamba ni heri kumwachia mfanyabiashara tangu mwanzo hadi mwisho. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake, na sitaupuuza. Lakini serikali isiyoweza kusimamia kisima chake haitaweza pia kusimamia mkataba wa mtu mwingine. IPTL na Richmond hazikutokea kwa sababu serikali ilishika mradi. Zilitokea kwa sababu iliachia mradi bila kujua inaachia nini. Udhaifu wa usimamizi haukwepeki kwa kubinafsisha. Unatibiwa kwa wataalamu wanaolipwa vizuri, bunge linalosoma mikataba, na waandishi wanaofuatilia mpaka mwisho.

Kwa wabunge wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa, ombi langu ni fupi. Mkataba ujao wa nishati jadidifu utakapofika mbele yenu, kabla ya kuuliza ni megawati ngapi, ulizeni nani alilipia utafiti wake, nani atalipa kama umeme hautachukuliwa, na wananchi wa eneo hilo watapata nini kwa maandishi. Majibu matatu yasipopatikana, msiupitishe.